Ukibonyeza "Futa", je, kinafutika?

Biashara ya mifugo siku hizi haiishii mnadani. Tuseme kijana wa Isiolo ametengeneza tovuti ya kutangazia mbuzi na ngamia, na wanunuzi wanapiga simu hadi kutoka Mombasa. Mnyama akishauzwa, mwenyewe anataka tangazo liondoke pamoja na namba yake ya simu. Anabonyeza "Futa". Wiki nzima bado anapigiwa. Kasoro iko wapi?

Mara nyingi iko kwenye fomu. Kivinjari huongea na seva kwa maombi ya HTTP: GET ni kuomba kuona, POST ni kupeleka taarifa, DELETE ni kuomba kitu kifutwe. Lakini fomu ya HTML haijui kutuma DELETE. Fundi akiandika method="delete", kivinjari hakilalamiki, kinatuma GET kimya kimya. Ukurasa unafunguka, na mtumiaji anadhani mambo yamekwisha.

Wengine hukata njia kwa kuweka kiungo cha kawaida kinachofuta. Hiyo ni hatari zaidi. Mwaka 2005 Google ilitoa programu ya Web Accelerator, iliyofungua viungo kabla mtu hajavibonyeza. Ilipogusa viungo vya kufuta, watu walikuta data zao zimetoweka. Ndiyo maana GET haifai kubadilisha chochote.

Njia salama ni fomu kutuma POST yenye sehemu iliyofichwa, jina lake _method na thamani yake DELETE. Laravel na Rails zinaielewa. Kwingineko fundi ataifundisha seva yake mwenyewe. JavaScript nayo inaweza kutuma DELETE moja kwa moja kwa kutumia fetch. Vyovyote iwavyo, seva ihakikishe anayefuta ndiye mwenye tangazo, na fomu ibebe tokeni ya siri ili tovuti nyingine isitume ombi kwa jina lake.

Wala hili si la mafundi pekee. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kuomba zifutwe data zake ambazo aliyenazo hana tena idhini ya kuzihifadhi. Haki hiyo haina maana kama kitufe ni pambo.

Basi vijana wetu, kabla ya kukabidhi tovuti, bonyezeni "Futa", kisha mwangalie ndani ya hifadhidata. Ikiwa namba ya mtu bado imo, kazi haijaisha.