Laptopu ya Magemu au Laptopu ya Kazi: Kikundi Kinunue Ipi?

Katika ziara zetu za miezi ya karibuni, kutoka Diani kupitia Msambweni hadi Lunga Lunga, swali moja limetukuta katika vikundi vitatu tofauti. Kikundi kimeweka akiba, sasa chataka kununua kompyuta. Wazee na akina mama wataka ya bei nafuu, ya kuandikia hesabu na barua. Vijana wataka ile yenye nguvu, inayowaka taa za rangi chini ya vibonye, ile inayoitwa laptopu ya magemu. (Shuleni watoto hufundishwa kuiita kipakatalishi. Dukani hatujamsikia mtu akilitumia neno hilo, kwa hivyo hapa tutasema laptopu tu.)

Tutazungumza zaidi juu ya kikundi kimoja upande wa Msambweni, ambacho kimeturuhusu kusimulia habari zake bila kukitaja jina. Kina wanachama 24. Akiba yao ilikuwa shilingi 140,000, pesa zilizotoka kwa nazi, korosho, mihogo na vibarua vya hotelini, na wanachama hukopeshana hizo hizo wakati wa karo. Katibu wao, kijana wa miaka 23, alileta picha ya laptopu ya shilingi 135,000 aliyoiona duka moja Mombasa. Mweka hazina akaleta bei ya laptopu iliyotumika, shilingi 28,000. Mkutano ule ulikwisha watu hawasemezani. Vijana walisema wazee hawataki maendeleo. Wazee walisema vijana wataka kucheza mpira wa kwenye kioo kwa pesa za karo. Wiki mbili baadaye tuliitwa kukaa nao.

Hatukuanza na bei. Tulianza na kueleza mashine yenyewe, kwa sababu tuligundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinagombania kitu wasichokijua vizuri.

Laptopu ya magemu ni kompyuta kama nyingine, ila imeongezwa kadi ya grafiki, yaani sehemu ya pekee ya kuchora picha kwa kasi. Gemu la kisasa huchora picha nyingi kila sekunde, na kazi hiyo yataka nguvu nyingi. Nguvu nyingi huleta joto, na joto lataka feni kubwa. Feni huvuta hewa ya chumbani, na hewa yetu ya huku ina vumbi la barabara ya murram na unyevu wa chumvi kutoka baharini. Mashine kama hiyo yataka kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, la sivyo hujichemsha. Tena kadi yenyewe kwa kawaida imeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu. Ikiungua, mara nyingi bodi nzima imekwenda.

Tukaja kwa stima. Chaja ya laptopu ya kawaida ni wati 65, na ukiwa unaandika tu mashine hula kama wati 15 hadi 25. Chaja ya laptopu ya magemu ni wati 180, 230, nyingine hata 330, na ni nzito kama tofali. Mwenye stima ya tokeni anaweza kuvumilia. Lakini kikundi hiki hukutana kwenye jengo lenye sola, na inveta yao ni ya wati 150. Tukawaambia waipige hesabu wenyewe. Betri yao ni ya volti 12 na Ah 100, kwa hivyo ikijaa inabeba wati-saa 1,200. Betri ya asidi ukitaka iishi usiimalize zaidi ya nusu, basi wana 600. Mashine inayokula wati 25 itafanya kazi zaidi ya saa 18 hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Mashine inayokula wati 200 haitafika saa 3. Na kwa kweli haitaanza hata dakika moja, kwa sababu inveta ya wati 150 ikibebeshwa wati 200 hujizima. Kwa hivyo ile laptopu ya 135,000 ingetaka pia inveta mpya na betri nyingine, na hizo hazikuwa kwenye picha ya katibu.

Hapo mama mmoja mzee, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Mwanangu, na ikiharibika, nani hapa ataifungua?"

Katibu akajibu, "Bibi, tutaipeleka Mombasa."

"Na nauli? Na wiki ngapi?"

Swali hilo halikutoka hewani. Mama huyu katika ujana wake alifunzwa kutunza pampu ya maji ya kijiji, na wengi wenu mnaosoma hapa mnayajua hayo kuliko sisi. Mwaka 1983, mradi wa kujaribu pampu za mkono ulianza hapa pwani ya kusini, kwa msaada wa Sweden pamoja na UNDP na Benki ya Dunia, na shirika la KWAHO likafanya kazi ya kuwaandaa wanakijiji. Wakati ule pampu nyingi zilizoletwa kutoka nje zilikuwa na nguvu na sifa nyingi, lakini ikiharibika moja ilibidi kungoja fundi, gari na vyuma vya kuinulia mabomba mazito. Kina mama walirudi visimani na mitoni huku pampu ya pesa nyingi imesimama uani.

Jibu lililopatikana halikuwa pampu yenye nguvu zaidi. Pampu ya Afridev, ambayo sehemu kubwa ya kuiboresha ilifanyika hapa hapa Kwale baada ya kazi ya mwanzo kule Malawi, iliundwa makusudi ili ifunguliwe kijijini. Spana moja yatosha. Vali hutolewa kwa juu bila kung'oa bomba lote. Beringi zake ni za plastiki, ni rahisi na mtu azibadilisha kwa mkono. Wanawake wakafunzwa, wakatengeneza wenyewe. Watu walitoka nchi nyingine kuja kuona, na Afridev leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Tusidanganyane lakini. Pampu nazo zilikufa, nyingi tu, pale ambapo hakuna aliyeweka shilingi kando ya kununua vipuri. Ndiyo maana katika miaka ya 2010 kampuni ya FundiFix ilianza hapa Kwale na kule Kitui, ikitengeneza pampu kwa ada ya kila mwezi. Kitu kinachofunguka kirahisi bado chataka mfuko wa matengenezo. Mama yule alilisema hilo kwa maneno machache kuliko sisi, na vijana walimsikiliza, jambo ambalo hatukuwa tumelifanikisha kwa nusu saa ya michoro ubaoni.

Sasa, wako watu watakaosoma hapa wakakimbilia kununua laptopu yoyote ya bei ya chini. Ngojeni kwanza. Soko la laptopu zilizotumika lina mitego yake, na mtego mkubwa wa sasa ni huu: Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za zamani bado zawaka, lakini hazipati tena marekebisho ya usalama kama zamani, na kikundi kinachoingia eCitizen au benki kwa mashine kama hiyo chajiweka hatarini. Windows 11 nayo haikubali rasmi kila mashine. Kwa zile za Intel, angalia namba ya prosesa baada ya kistari. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 ya mbele yaonyesha ni kizazi cha nane, nayo yakubaliwa. Ikiandikwa i5-10210U ni kizazi cha kumi, vizuri zaidi. Ikiandikwa i5-7300U au i5-6300U, ni ya saba au ya sita, haimo kwenye orodha. Muuzaji atakuambia "hii naweza kukuwekea Windows 11 sasa hivi". Anaweza kweli, kwa njia ya panya, na kesho ikileta matatizo yeye hayupo. Mashine ya namna hiyo ifae tu ikiwa mtaiwekea Linux, kama vile Ubuntu au Mint, ambayo ni ya bure na haibagui mashine za zamani sana. Hesabu za kikundi zafanyika vizuri kwa LibreOffice, nayo ni ya bure. Hakuna sababu ya kutumia programu za wizi.

Mengine ya kuangalia dukani, mkiwa wawili au watatu, si mtu mmoja peke yake: ramu iwe GB 8 angalau. Diski iwe SSD, si ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, kwa maana mashine ya bodaboda inayorukaruka barabarani huiua haraka. Mwambieni muuzaji awaonyeshe ripoti ya betri, mlinganishe uwezo wake ilipokuwa mpya na uwezo wake wa leo. Izimeni muiwashe tena muone kama yadai neno la siri la kampuni iliyokuwa na mashine hiyo Ulaya. Andikeni sentensi moja kwa kibodi. Tuliona mashine kutoka Ujerumani ambayo Z na Y zimebadilishana mahali, na katibu wa kikundi alikuwa akiandika "mayiwa" badala ya "maziwa" mwezi mzima. Risiti iandikwe kwa jina la kikundi, na waranti iandikwe juu yake, hata kama ni ya miezi mitatu.

Kwa nini twapendelea zile zilizotumiwa na makampuni, kama Latitude, ThinkPad na EliteBook? Kwa sababu ziliuzwa kwa maelfu, na kwa hivyo vipuri vyake vimejaa Mombasa na Nairobi, na kijana aliyesomea ufundi Ukunda anaweza kuifungua kwa bisibisi. Betri, kibodi, diski, vyote vyabadilishwa. Ndiyo Afridev ya kompyuta, alisema mmoja wa wanachama, na sote tukacheka.

Haya, je, katibu hakuwa na hoja? Alikuwa nayo, tena nzuri, ila hakuwa ameieleza. Tulipomtaka aache neno "nguvu" na aandike kazi, aliandika hivi: kuhariri video za harusi, kutengeneza mabango ya matangazo kwa nyumba za wageni Diani, na kuweka mchezo wa kulipia kwa vijana jioni. Kazi ya video ni ya kweli. Harusi za huku hazikosi mpiga picha, na kadi ya grafiki huharakisha sana kumalizia video ndefu. Mabango hayahitaji mashine hiyo kabisa. Mchezo wa kulipia tulimwambia wazi kwamba hatuuoni: vijana wa Ukunda tayari wana vibanda vya PlayStation, na laptopu moja yenye kioo kidogo haitashindana navyo. Halafu mashine ya ofisi ikitumiwa na watoto wa watu usiku, daftari la mikopo litakuwa salama vipi?

Hata kwa video, laptopu ya magemu si njia ya kwanza. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki, hata ikiwa imetumika, kwa kawaida yapatikana kwa bei ya chini zaidi kwa nguvu ile ile, hupoa vizuri, na kila kipande chake chabadilishwa. Kasoro yake ni kwamba yataka stima ya uhakika na haibebeki. Lakini mtu anayehariri video hukaa mahali pamoja. Kijana anayefanya kazi ya kuzunguka, anayepiga picha Diani leo na Kinango kesho na lazima amalizie kazi huko huko, huyo ndiye tungemwambia anunue laptopu yenye kadi ya grafiki, na anunue kwa mkopo wake mwenyewe atakaourudisha, si kwa kumaliza akiba ya watu 24.

Waliamua hivi. Walinunua laptopu iliyotumika, ya kizazi cha nane, kwa shilingi 31,000 pamoja na begi na chaja. Shilingi 500 kila mwezi huwekwa kando kwa matengenezo, na mweka hazina ameziandika kwenye ukurasa wake pekee. Mashine hulala kwa mwanachama mmoja kwa mwezi, kwa zamu, naye hutia sahihi akiipokea na akiikabidhi. Chelezo ya hesabu huwekwa kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa maana mwizi akichukua laptopu asichukue na madeni ya watu.

Kwa upande wa video, walimpa katibu nafasi ya miezi sita. Akipata kazi ya harusi, anakodi kompyuta yenye nguvu kwa siku katika studio moja ya Ukunda, anaandika alicholipwa na alichotumia, na kikundi kinaona daftari. Zikifika kazi sita zenye faida, watajadili kumkopesha pesa za kompyuta ya mezani. Tunapoandika haya amemaliza harusi mbili, ya tatu imeahirishwa kwa sababu bwana harusi bado yuko baharini, na mwezi huu laptopu inalala kwa yule mama wa pampu.