Kumzuru Mwana Ughaibuni Wakati wa Kungoja Ukaazi

Hakuna mtu anayeifahamu karatasi ya ruhusa kumshinda askari. Karatasi hiyo huandikwa siku ya kutoka na siku ya kurudi, na mwenye kuipitisha siku ya kurudi pasipo idhini huhesabiwa mtoro, hata kama alikuwa akimwuguza mama yake. Makala haya yanahusu ruhusa ya namna nyingine, ambayo siku hizi imewafikia wastaafu wa jeshi na polisi: ruhusa ya mzazi kwenda kumzuru mwanawe katika nchi ya mbali, huku ombi lake la kukaa huko daima likiwa bado linangoja zamu.

Tutaizungumzia Kanada. Vijana wa Afrika ya Mashariki na wa Kongo wamekwenda huko kwa njia mbalimbali. Wengine walifuata masomo, wengine kazi, na wengine walipokewa kama wakimbizi kutoka katika makambi kama lile la Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Miaka ikipita, kijana hupata ukaazi wa kudumu au uraia, akafunga ndoa, akajaliwa watoto. Huku nyumbani baba amekwisha kustaafu, mama magoti yameanza kumwuma, na wajukuu wanawajua babu na bibi kwa sauti ya simu tu. Ndipo kijana anapoandika: "Baba, nataka wewe na Mama mje mkae nasi." Ni maneno mazuri, lakini kati ya maneno hayo na kutimia kwake pana safari ndefu ambayo yafaa ieleweke mapema.

Foleni ya wazazi

Kanada ina mpango wa kuwapa ukaazi wa kudumu wazazi na mababu wa raia na wakaazi wake. Mpango huo ulielemewa kwa wingi wa maombi. Kufikia Novemba 2011, watu zaidi ya 165,000 walikuwa wakingoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa miaka saba au minane. Serikali ya nchi hiyo ikasimamisha kupokea maombi mapya. Mlango ulipofunguliwa tena Januari 2014, yalikubaliwa maombi 5,000 tu kwa mwaka huo.

Tangu hapo utaratibu umebadilika mara kwa mara. Mwaka 2017 ilianzishwa bahati nasibu. Januari 2019 ilitangazwa kwamba atakayewahi ndiye atakayepata, na nafasi zote zikajaa kwa muda wa dakika 11 hivi; wengi walilalamika kwamba aliyeshinda ni mwenye vidole vyepesi, wala si mwenye haja kubwa. Mwaka 2020 bahati nasibu ilirudishwa. Majina yaliandikishwa kati ya tarehe 13 Oktoba na tarehe 3 Novemba, na kuanzia 2021 hadi 2025 waliokaribishwa kuleta maombi walichaguliwa kutoka katika orodha hiyo hiyo ya 2020. Kwa hiyo kijana aliyepata ukaazi wake baada ya hapo, hata awe na mshahara mnono kiasi gani, katika miaka hiyo hakuwa na mahali pa kuliandikisha jina la baba yake.

Hata aliyechaguliwa ana mzigo wa kubeba. Mwana, ambaye ndiye mdhamini, hana budi kuthibitisha kipato cha miaka mitatu mfululizo kinachofikia kiwango kilichowekwa. Kisha hutia sahihi ahadi ya kumtunza mzazi kwa miaka 20, au miaka 10 akiwa katika jimbo la Quebec. Mzazi akipewa msaada wa fedha wa serikali katika muda huo, mwana hudaiwa fedha hizo. Sababu haifichiki: wazee huhitaji hospitali, na kila serikali huuliza ni nani atakayelipa.

Mlango wa pili

Tarehe 1 Desemba 2011, punde tu baada ya foleni kufungwa, Kanada ilianzisha viza ya kuzuru kwa ajili ya wazazi na mababu, iitwayo Super Visa. Viza hii yaweza kudumu hadi miaka 10, na mwenye nayo huingia na kutoka mara nyingi. Mwanzoni aliruhusiwa kukaa miaka miwili kwa kila safari. Tangu Julai 2022 yaweza kufika miaka mitano. Mgeni wa kawaida, ambaye hakuandikiwa tarehe nyingine mpakani, hupata miezi sita tu.

Masharti yake ni haya. Mwana awe raia au mkaazi wa kudumu, aandike barua ya mwaliko na ahadi ya kumtunza mzazi, na athibitishe kwamba kipato chake kinatosha kwa idadi ya watu wa nyumbani mwake, pamoja na hao wageni anaowaita. Mzazi aombe akiwa nje ya Kanada, apimwe afya yake, na awe na bima ya matibabu ya mwaka mmoja au zaidi, yenye kinga isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Wadogo zake kijana hawawezi kujumlishwa katika ombi hilo. Yafaa pia kuitazama pasipoti kwanza, maana viza haiwezi kuishi kuliko pasipoti iliyoibeba.

Nia mbili si kosa

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Wengi huogopa kwamba aliyekwisha kuomba ukaazi hataruhusiwa kuzuru, na kwa hofu hiyo hushauriwa na watu wa vijiweni wasilitaje ombi lile la kwanza. Ushauri huo ni sumu.

Sheria ya uhamiaji ya Kanada ya mwaka 2001, katika kifungu cha 22, inatamka kwamba nia ya mtu ya kuwa mkaazi wa kudumu haimzuii kuingia kama mgeni, ilimradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake utakapokwisha. Kwa maneno mengine, mtu aweza kuwa na nia mbili kwa wakati mmoja: ya leo, kuzuru na kurudi, na ya kesho, kuhamia pindi atakapokubaliwa. Si nchi zote zilizo hivyo. Sheria ya Marekani humhesabu mwombaji wa viza ya kuzuru kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake, na kwa hiyo huko mzazi mwenye ombi la ukaazi hupanda mlima mkali zaidi.

Ndiyo kusema kwamba afisa wa viza hamwulizi mzee, "Je, wampenda mwanao?" Anauliza, "Je, ukiambiwa muda umekwisha, utarudi?" Jibu la swali hili haliwi kiapo. Huwa ni vitu vinavyoonekana: hati ya shamba au nyumba, barua ya pensheni, mke au mume na watoto wengine waliobaki, biashara inayoendelea, na safari za nyuma ambazo mtu alikwenda akarudi kwa wakati. Mstaafu aliyelitumikia jeshi miaka 25 na anayepokea pensheni nyumbani ana ushahidi mzuri kuliko anavyodhani, ila aupange na kuuambatanisha.

Utumishi usifichwe

Hapa ndipo penye neno linalowahusu wasomaji wa ukurasa huu hasa. Fomu ya kuomba viza ya Kanada huuliza wazi kama mwombaji amewahi kutumikia jeshi, mgambo, idara ya usalama au polisi, na akijibu ndiyo, atatakiwa kueleza miaka na mahali. Wapo wanaoingiwa na hofu wakaandika hapana. Hudhani kwamba nguo za jeshi zitawanyima viza.

Utumishi halali si hatia. Linalochunguzwa ni kama mtu alishiriki katika makosa ya kivita au katika kuwatesa raia, na askari aliyefanya kazi yake kwa sheria na nidhamu hana sababu ya kujificha. Uchunguzi waweza kuchukua muda mrefu, na ataulizwa kikosi, vyeo, vituo na majina ya wakubwa wake. Ayajibu yote kwa utulivu kama yalivyo katika kitabu chake cha utumishi.

Lakini uongo una adhabu yake. Anayebainika kuficha au kudanganya katika jambo la maana huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano. Adhabu hiyo ilikuwa miaka miwili mpaka ilipoongezwa mwaka 2014. Katika muda huo hawezi kuomba ukaazi wa kudumu pia. Tafakari, ndugu msomaji: neno moja la uongo katika ombi la kuzuru laweza kuliua hata lile ombi la ukaazi ambalo mwana amelihangaikia miaka kumi. Na kwa mzee wa miaka 70, miaka mitano si adhabu ndogo; huenda ndiyo miaka aliyobakiwa nayo ya kutembea bila fimbo.

Vivyo hivyo katika majina. Si ajabu kumkuta mtu aliyeandikishwa jeshini kwa jina moja, akabatizwa kwa jingine, na mwanawe akabeba jina la babu. Afisa wa mbali hajui desturi zetu. Yeye huona karatasi tatu zenye watu watatu. Tofauti hizo zielezwe kwa kiapo mbele ya wakili na zipatanishwe na hati ya kuzaliwa ya kijana kabla ya kuomba, wala zisingojee kuulizwa. Kadhalika madalali wa viza waepukwe. Kwa mujibu wa sheria ya Kanada, anayeruhusiwa kulipwa kwa kazi ya kumwakilisha mwombaji ni wakili au mshauri aliyesajiliwa na chombo chake. Anayeahidi viza ya hakika anauza upepo.

Mgeni asiye na jembe

Wahenga walisema kwamba mgeni ni wa siku mbili, ya tatu apewe jembe. Huko Kanada sheria inakataza hilo jembe. Mwenye viza ya kuzuru haruhusiwi kuajiriwa bila kibali cha kazi. Kuwapakata wajukuu na kuwafundisha Kiswahili ni jambo la ukoo, halina neno. Kulinda ghala usiku kwa ujira, eti kwa sababu aliwahi kuwa askari, ni kuvunja sheria, na habari zake zitalifuata ombi la ukaazi. Mgeni hapati pia matibabu ya bure ya serikali za majimbo. Bima yake ndiyo ngao yake, nayo mara nyingi huweka masharti juu ya maradhi ambayo mtu anayo tangu zamani, kama shinikizo la damu na kisukari. Mkataba wa bima usomwe mpaka mstari wa mwisho.

Jambo la kushikwa kuliko yote ni tarehe. Viza iliyobandikwa katika pasipoti humruhusu mtu kuufikia mlango katika muda fulani. Muda wa kukaa ndani huamuliwa na afisa wa mpakani siku ya kuingia. Wazee wengi huchanganya mambo haya mawili: huona viza ina miaka minane mbele yake wakadhani wameruhusiwa kukaa miaka minane. Mwana aisome mihuri siku ile ile ya kuwasili na kuiandika tarehe ya mwisho ukutani. Ikiwa haja ipo ya kukaa zaidi, ombi la kuongezewa muda lipelekwe kabla ya tarehe hiyo, na aliyeomba kwa wakati huruhusiwa kungoja jibu akiwa huko huko. Ombi la ukaazi lililo katika foleni, peke yake, halimwongezei mgeni hata siku moja.

Upande wa nyumbani nao usisahauliwe. Mstaafu aulize ofisi ya pensheni namna atakavyothibitisha uhai wake akiwa mbali, aache maandishi juu ya nani atakayesimamia shamba, na asiuze nyumba kwa tamaa ya safari. Aliyeuza kila kitu ili aende kuzuru amejichomea mwenyewe ushahidi kwamba atarudi. Na askari aliye bado kazini, ambaye ameitwa na binti yake kwa likizo, asiondoke pasipo ruhusa ya maandishi ya wakubwa wake.

Vijana walioko huko nao wana wajibu. Wasiwaambie wazazi "njooni, mengine tutayaona mbele," kwani atakayepata hasara si kijana mwenye ukaazi wake, ni mzee aliyemtii. Waeleze kweli kuhusu foleni, kuhusu baridi ya Januari, na kuhusu upweke wa mchana nyumba nzima ikiwa kazini na shuleni. Mzazi aliyekwenda, akaona na kurudi kwa wakati, hujipatia faida mbili. Ameijua nchi kabla ya kuamua kuzeekea huko, na katika faili lake pana safari iliyofungwa vema, ambayo kila afisa ataisoma atakapoomba tena. Kuna waliorudi wakagundua kwamba ziara ya miezi kadhaa kila mwaka inawatosha, na kwamba kaburi la wazazi wao na kivuli cha mwembe wao vina thamani kuliko karatasi ya ukaazi. Na kuna walioona kwamba mahali pao ni kwa wajukuu, wakaendelea kungoja zamu yao kwa moyo mkunjufu. Uamuzi wote miongoni mwa hayo mawili ni wa heshima, maadamu umefanywa na mtu ambaye milango yote miwili iko wazi kwake.