Moshi Unaokula Dawa

Mtaani ugonjwa wa akili hupimwa kwa sekunde tatu. Kijana anaongea peke yake, anadai redio ya kinyozi inamsema yeye, anatembea peku juani, jirani anatikisa kichwa: "Bangi hiyo. Mpelekeni hospitali ya Mirembe." Mara nyingi jirani amekosea, maana skizofrenia, ugonjwa wenye dalili kama hizo, huwapata hata watu ambao hawajawahi kushika msokoto. Lakini hakukosea kabisa, na hapo ndipo wanasayansi wamehangaika kwa karibu miaka 40.

Utafiti uliowashtua wengi ulitoka Uswidi mwaka 1987. Vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu dawa za kulevya, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Wenye shaka wakauliza swali la haki: je, si akili iliyokwisha kuanza kuyumba ndiyo inayoitafuta bangi? Ukweli uko pande zote mbili. Zipo koo zenye mbegu ya ugonjwa huu, na sehemu ya mbegu hiyohiyo humvuta mtu kwenye msokoto. Hata ukiitoa hesabuni, hatari haiishi, na hukua kadiri bangi inavyokuwa kali. Mwaka 2019 watafiti wa vituo 11 vya Ulaya na Brazil walikuta wanaovuta kila siku bangi kali wana uwezekano wa karibu mara tano wa kupatwa na saikosisi, yaani hali ya kupotewa na uhalisia, kuliko wasiovuta kamwe. Hata hivyo wavutaji walio wengi hawaugui, na anayemwambia kijana kwamba pafu moja litamtia wazimu anapoteza bure imani ya kijana huyo.

Kinachovuruga akili ndani ya bangi ni THC, kemikali iliyotengwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli. Ubongo una vipokezi vya kemikali zake wenyewe zinazofanana nayo. THC huviingilia kama mgeni mwenye ufunguo bandia, na miongoni mwa vinavyovurugika ni dopamini, kemikali ya ubongo. Mfikirie dopamini kuwa mpiga mbiu: ndiye anayetangaza lipi la kuangaliwa na lipi la kupuuzwa. Akipagawa, kila kitu kinatangazwa. Kikohozi cha abiria wa nyuma kinakuwa ishara. Namba ya daladala inakuwa ujumbe. Dawa nyingi za saikosisi kazi yake ni kumshusha sauti mpiga mbiu huyu.

Sasa mvutaji ambaye tayari ni mgonjwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa THC kwa mshipa wagonjwa 13 wa skizofrenia waliokuwa wametulia na wakitumia dawa. Dalili ziliamka kwa muda, na dawa mwilini hazikuzuia. Kwangu mimi jaribio hilo dogo lina uzito kuliko mabishano yote ya vijiweni.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Moshi wa msokoto, kama ule wa sigara, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja olanzapini na klozapini, dawa mbili za saikosisi. Mgonjwa anapangiwa dozi wodini, ambako havuti. Anatulia, anarudi nyumbani, anaanza tena kujificha nyuma ya choo na wenzake. Vidonge ni vilevile, mama anavihesabu kila jioni na kumsimamia akimeza. Lakini ini linavifyeka haraka, na kiasi kinachofika kichwani kinapungua. Baada ya wiki kadhaa sauti zimerudi, na mama anaambiwa mwanawe hamezi dawa.

Anavuta kwa nini, basi? Waulize wenyewe: usingizi hauji, siku ni ndefu, sindano zinakakamaza viungo, na kijiweni ndipo mahali pekee asipoitwa kichaa. Hizo si sababu za kipuuzi, na fimbo haijibu hata moja. Lakini akiacha, anafaidika: wagonjwa wanaoacha bangi baada ya kuugua mara ya kwanza hurudi hospitali mara chache kuliko wanaoendelea.

Kwa hiyo muuguzi akiuliza, "Anavuta?", usijibu "hapana" kwa aibu au kwa kuogopa polisi. Sema anavuta nini, mara ngapi, na kama kuna tumbaku ndani. Na siku atakapoacha, rudini kliniki upesi mkaseme: moshi ukikoma, dawa ileile hupanda mwilini, na huenda dozi ikabidi ipunguzwe.