Mtama na Maji ya Chumvi ya Kitengela

Kitengela, chumvi huja kwa mfereji. Maji ya visima virefu yamekaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano, yakabeba sodiamu pamoja na ile floridi inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ukinyunyizia sukuma wiki maji hayo wakati wa kiangazi, jua hukausha maji, chumvi ikabaki. Misimu ikipita, matuta hufanya utando mweupe na majani ya maharagwe huungua ncha.

Chumvi ya udongo hupimwa kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, kwa desisiemensi kwa mita. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Maas na Hoffman, walikusanya matokeo ya majaribio mengi na kuyapanga mazao kwa uvumilivu wake. Mavuno ya maharagwe huanza kushuka kipimo kikipita 1.0, ya mahindi kikipita 1.7. Mtama, kwa majaribio ya baadaye, hustahimili hadi 6.8. Hapo ndipo unapoanza tu kuumia, na mahindi yamekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno.

Chumvi hushambulia mara mbili. Kwanza hung'ang'ania maji udongoni, mzizi ukashindwa kuyavuta. Kisha sodiamu hupanda majanini na kupora nafasi ya potasiamu, ambayo mmea hauwezi kuishi bila hiyo. Mtama huizuilia sehemu kubwa ya sodiamu mizizini na chini ya bua. Ila mche mchanga bado ni dhaifu, kwa hiyo afadhali kupanda mvua ikiwa imeshaishusha chumvi kidogo kuliko kuotesha kiangazi kwa maji ya kisima.

Lakini tusiupambe mtama mno. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Athi-Kapiti, huu unaong'oa viatu miguuni, una ugonjwa wa pili. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi huachana, vitundu vya hewa huziba na maji husimama juu. Hapo zao lolote hutaabika, mtama ukiwemo. Dawa ni jasi: kalsiamu yake huing'oa sodiamu, nayo mvua huisukuma chini, mradi maji yana pa kutokea. Jasi si ngeni huku; viwanda vya saruji vya Athi River huichanganya ili saruji isigande upesi.

Kwelea, ndege walao nafaka, nao wana hesabu yao, na kufukuza ndege kutwa ni kazi inayowachosha wengi wakarudia mahindi. Kwa Kajiado ya wafugaji, kaunti ilimo Kitengela, mimi ningeutazama mtama kwanza kama malisho. Hapo kuna hatari moja: mtama mchanga una dhurini, ambayo ng'ombe akiitafuna hutoa sianidi, sumu inayoua kwa dakika chache. Mifugo isiingizwe shambani kabla mtama haujafika kiunoni. Machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya kuvuna, hasa mvua ikinyesha kufuatia ukame, ndiyo ya kuogopwa zaidi, na ndiyo mbuzi huyafuata kwanza.