Parasoli ya kudumu: tuichague namna gani mbele ya upepo wa mwezi wa nane?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi bamama wa lupango, wengine watacheka kuona sendika inaandika juu ya parasoli. Tumezoea kusema juu ya mishahara, kofia ya kazi, matunzo ya hospitali. Lakini tutembee pamoja, kutoka Kolwezi mpaka Likasi, kutoka Likasi mpaka Lubumbashi na Kasumbalesa. Kwenye mlango wa kila mine, kwenye kituo cha kila bisi ya wafanyakazi, chini ya parasoli kunakaa nani? Ni bibi zetu, ni wakubwa wetu waliotoka kazini, ni watoto wetu waliomaliza masomo na kukosa kazi. Wanauzisha unite, mikate, ndizi, wanabadilisha makuta.

Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipotoka kwa ile « départ volontaire », meza ndogo za barabarani njo zilibeba nyumba nyingi. Na leo, mshahara ukichelewa, meza ya mama njo inalipa minerval ya mtoto wa secondaire. Parasoli ikianguka, siku ya kazi inaanguka nayo. Basi si kitu cha kuchagua juu ya rangi paka.

Huku kwetu Katanga mwaka iko na mashida yake kwa zamu. Tangu mwezi wa tano mvula inakatika na mavumbi ya malori yanaanza. Mwezi wa nane na wa tisa upepo unafika. Mwezi wa kumi jua linachoma. Kisha mvula za kwanza zinakuja na zoruba. Tena tunaishi juu: Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, Kolwezi inapita metre 1,400. Kwa urefu huu jua linakula kitambaa kwa nguvu. Parasoli inayotosha siku mbili kwenye bustani ya tajiri haiwezi kutosha hapa, kutoka asubuhi mpaka magaribi, siku sita kwa juma.

Tuanze na chini, juu ya pale njo watu wanakosea zaidi

Mchimbaji anajua: dari bila nguzo ni kaburi. Parasoli bila uzito chini ni vilevile. Parasoli ya upana wa metre 2.50 inaomba kilo 25 hivi kama mti wake unapita katikati ya meza, na kilo 35 ao zaidi kama inasimama peke yake. Ile miguu ya plastiki ya kujaza mayi inadanganya watu. Lita 20 za mayi ni kilo 20 paka, na plastiki ikipasuka kwa jua, mayi inatoka na hakuna anayeona.

Ndoo ileile ya lita 20 ukiijaza mchanga mkavu, unapata kilo 30 na kidogo. Ukiijaza beto ya kokoto, unapata karibu kilo 48. Wengine wanamwanga beto ndani ya pine kuukuu ya gari, na tiyo ya chuma katikati: hii ni nzuri, juu pine inaweza kuvingirishwa magaribi mpaka nyumbani. Tiyo hiyo ipite upana wa mti wa parasoli kidogo tu. Ikiwa kubwa sana, mti unacheza, na mti unaocheza unavunjika.

Lakini hata beto iko na mwisho. Nguvu ya upepo haipandi polepole: mbio ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Upepo wa kilometre 50 kwa saa unasukuma karibu kilo 12 juu ya kila metre moja ya mraba, na parasoli ya metre 2.50 iko na karibu metre tano za mraba. Hesabu mwenyewe: ni kilo 60. Njo maana sheria ya kwanza ni hii: upepo mkali ukianza, funga parasoli. Usishindane nao. Na usinunue kubwa kupita kazi yako: ya metre 3 inakamata upepo mara mbili na zaidi kuliko ya metre 2.

Mti na mbavu

Sokoni utakuta mti wa chuma na mti wa aliminyumu. Muuzaji akikuambia « hii ni aliminyumu », chukua sumaku ndogo, hata ile ya kipaza sauti cha redio iliyokufa. Ikishika, ni chuma. Aliminyumu haishikwi na sumaku.

Aliminyumu ni nyepesi na haipati kutu nyekundu. Chuma ni kizito na kutu inakipenda, zaidi ndani ya tiyo ambamo mtu haoni. Lakini sikilizeni neno hili: mti wa chuma ukivunjika, sudere yeyote wa kartiye ataurudisha kwa mashine yake ya kila siku. Aliminyumu inaomba mashine ingine na mtu aliyejifunza. Kwa mama anayekaa mbali na mjini, chuma kinene, chenye rangi ya antirui na kizibo juu ya tiyo, kinaweza kumsaidia miaka mingi kuliko aliminyumu nyembamba. Angalia mwisho wa tiyo: kama ukuta wake ni kama karatasi, ukibonyeza kwa vidole unaingia, uiache.

Fungula parasoli yote mbele ya kulipa. Hesabu mbavu: nane ni bora kuliko sita. Vuta ubavu mmoja kidogo. Mbavu za chembamba zikipinda zinabaki hivyo. Mbavu za nyuzi za kioo, ile wauzaji wanaita « fibre de verre », zinapinda na kurudi. Kisha angalia pale juu ambapo mbavu zote zinakutana. Kama ni plastiki nyembamba, pale njo patakufa kwanza, hata mti uwe mzuri namna gani.

Kitambaa

Inua kitambaa mbele ya jua na uweke mkono nyuma yake. Ukiona vidole vyako wazi, jua nalo litapita kama wewe unavyoona. Poliestere nyembamba inapauka na kupasuka upesi. Poliestere nzito inafaa zaidi, na ile iliyopakwa dawa upande wa ndani inazuia mvula vizuri. Akriliki ambayo nyuzi zake zilitiwa rangi mbele ya kufumwa njo inashinda zote kwa jua, lakini bei yake iko juu. Uliza rangi ilipita mpaka ndani ya uzi ao ilipakwa juu paka: kwaruza kwa ukucha pembeni, utaona.

Tafuta ile yenye tundu juu, na kofia ndogo inayofunika tundu. Upepo unaoingia chini unapata njia ya kutoka. Na uangalie mishono pale kitambaa kinashikwa na ncha ya ubavu. Kama iko dhaifu, peleka kwa fundi wa nguo kabla ya siku ya kwanza ya kazi, ashone tena kwa uzi wa poliestere, si wa pamba, juu uzi wa pamba unaoza na mvula.

Parasoli za réclame zinazopewa bure ao kwa bei ndogo? Bure ni bure, chukua. Lakini zilifanywa kuonyesha jina la kampuni, si kulinda kichwa chako. Ongeza uzito chini, na ushone pembe mapema.

Hatari mbili zisizosahauliwa

Moja ni mbabula. Poliestere inayeyuka na kuwaka. Mama wa mikate, weka moto nje ya kivuli, upande upepo unaelekea, na mafuta ya moto yasikae kamwe mahali parasoli inaweza kuanguka. Mbili ni radi. Mti wa chuma mahali wazi si kimbilio. Ukisikia ngurumo, funga, ingia ndani ya nyumba ao ndani ya gari iliyofungwa. Bidhaa zitaloana, utaziuza kesho.

Magaribi pangusa mavumbi. Mara kwa mara osha kwa mayi na sabuni ya kawaida, bila javeli. Usiikunje ikiwa imeloana, itaoza na kunuka.

Na nani alipe?

Tuchukue mfano. Parasoli ya dola 15 inayokufa kila mwaka inakula dola 60 kwa miaka minne. Ya dola 45 inayodumu miaka hiyo minne inaacha dola 15 mfukoni, bila kuhesabu siku za kazi zilizopotea. Shida ni kupata 45 mara moja. Hapa likelemba inasaidia: bamama tisa wakitoa dola 5 kila juma, kila juma mmoja anapata parasoli nzuri, na nyuma ya majuma tisa wote wako chini ya kivuli.

Lakini tusichanganye mambo. Mlinzi wa bariere, mpimaji wa malori, yule anayesimama na bendera njiani mwa mine, huyu asinunue parasoli kwa mshahara wake, hata kama anaajiriwa na kampuni ndogo ya kupewa kazi. Sheria ya kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inamlazimisha mwajiri kulinda afya na usalama wa mfanyakazi kazini. Kivuli ni sehemu ya usalama, sawa na kofia na viatu. Mwambie delege wako, aandike jambo hili ndani ya kikao cha komite ya usalama na afya, kwa karatasi, na tarehe. Na aombe kwa majina kamili: mti mnene, mbavu nane, tundu juu, beto chini. Tukisema « parasoli » paka, watatuletea ile ya siku mbili.