Tangi la Choo Lisilonyamaza

Usiku, nyumba ikiwa imetulia, husikika msalani mchirizi wa maji usiokoma. Mwenye nyumba huutikisa mkono wa tangi mara mbili tatu, sauti ikapungua, naye akarudi kulala. Mara nyingi maji huwa hayakukoma. Yamepunguza kelele tu. Ubovu huu mdogo hupoteza maji mengi, na chanzo chake huweza kugunduliwa na mwanafunzi yeyote aliyejifunza kanuni ya Archimedes na kanuni ya wenzo.

Tangi la choo cha kuvuta lina milango miwili ya maji. Wa kwanza ni koki ya kuingizia maji, ambayo hufunguliwa na kufungwa na boya. Wa pili, katika matangi mengi ya siku hizi, ni kizibo cha mpira kilichoko chini, ambacho huinuliwa kwa mnyororo mtu avutapo maji. Pamoja na hivyo, upo mrija uliosimama wima, wazi juu, ambao huyapeleka bakulini maji yaliyozidi kiasi ili yasifurike sakafuni.

Boya huelea kwa sababu maji hulisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa mahali pake. Kani hiyo si kubwa, lakini wenzo huizidisha. Ikiwa boya liko sentimita 24 kutoka kwenye egemeo, na kizibo cha koki kiko sentimita 2 tu, kani inayofunga koki ni mara 12 ya ile ya boya. Ndivyo tufe jepesi la plastiki linavyoweza kuyazuia maji ya bomba. Boya likitoboka na kuingiwa na maji, kani hupungua, na koki haifungi tena.

Kabla ya kutengeneza, sharti ijulikane ni mlango upi unaovuja. Maji yakionekana kumwagika ndani ya mrija wa wima, kosa ni la koki. Boya lililotoboka hubadilishwa. Lililowekwa juu mno huteremshwa kwa skrubu yake. La sivyo, maji ya bomba hufungwa, koki ikafunguliwa, mchanga ukatolewa na washa iliyolika ikabadilishwa.

Maji yakiwa chini ya mdomo wa mrija, na bado bakuli lachirizika, kizibo hushukiwa. Matone machache ya rangi ya chakula hutiwa tangini, na choo kikaachwa bila kutumiwa kwa nusu saa. Rangi ikitokea bakulini, kizibo kinavuja. Huenda mnyororo ni mfupi na unakiinua, au makalio yake yana tope na chumvi, au mpira umekauka. Wengi hukosea hapa: huteremsha boya. Kufanya hivyo hakusaidii, kwa kuwa kizibo huvuja hata maji yakiwa machache.

Hasara huweza kupimwa. Maji ya bomba hufungwa, alama ikatiwa kwa penseli penye uso wa maji, kisha husubiriwa dakika 10. Tangi lenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 15 likishuka sentimita 1, zimepotea sentimita za ujazo 600, yaani lita 0.6. Kwa saa 24 ni lita 86.4, zaidi ya ndoo nne za lita 20.

Maji ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, huchotwa mto Ruvu, husafishwa kwa dawa na kusukumwa kwa mitambo hadi mjini. Ndoo nne hizo zimekwisha kugharimiwa kabla ya kupotea, na katika mtaa wa pili huenda yuko mtu anayezibeba kichwani. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kipimo hiki wakakifanye katika vyoo vya shule na vya nyumbani, kisha darasa likajumlisha lita zinazopotea kwa mwezi na kuzilinganisha na bei ya kipande cha mpira.