Beringi ya Gurudumu: Namba Zake Zinasema Nini?

Mtu akiipindua baiskeli, magurudumu yakawa juu, kisha akalizungusha gurudumu moja polepole huku ameweka kidole kwenye fremu, aweza kuitambua hali ya kitu asichokiona kwa macho. Gurudumu zima huzunguka kimya. Gurudumu bovu huitetemesha fremu kana kwamba ndani yake mna mchanga. Na mara nyingi mchanga umo kweli. Kitu hicho ni beringi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuchagua nyingine pindi ya kwanza inapokwisha, hasa katika baiskeli za milimani, ambazo hupitishwa kwenye matope, vijito na mawe kuliko baiskeli za aina nyingine.

Historia ya baiskeli hizo imefungamana na grisi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970 vijana wa wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakiteremka milimani kwa baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940. Breki yao ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, nayo ilishika mtu alipokanyaga pedali kinyumenyume. Kwenye mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax, unaoshuka takriban mita 400 katika mwendo wa kilomita tatu na kitu, breki hiyo ilipata moto hata grisi ikaungua na kutoa moshi. Baada ya kuteremka iliwapasa kuifungua habu na kuijaza grisi mpya. Ndiyo sababu mbio zilizoanza hapo tarehe 21 Oktoba 1976 ziliitwa Repack, jina lenye maana ya kujaza tena.

Habu za leo ni za aina mbili. Aina ya kwanza ina gololi zilizo huru, ambazo huviringika kati ya kikombe kilichokazwa ndani ya habu na koni iliyofungwa kwenye ekseli. Aina ya pili hutumia beringi kamili: pete ya nje, pete ya ndani, gololi katikati, kizimba chembamba cha kuzitenganisha gololi, na vizibo viwili vya kando. Beringi ya namna hii haitengenezwi. Ikichakaa huondolewa, na nyingine hutiwa mahali pake. Hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Ukifuta uchafu kwenye kizibo au ukingo wa pete utaona namba, kwa mfano 6902-2RS. Tarakimu mbili za mwisho wa namba kuu hueleza tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni milimita 12, 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 huzidishwa kwa tano, hivyo 04 ni milimita 20. Tarakimu ya kwanza, 6, ni alama ya beringi ya gololi yenye mfereji wa kina. Ya pili hueleza unene wa umbo lake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Beringi 6001 na 6301 zote zina tundu la milimita 12. Lakini ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 28 na upana wa milimita 8, ilhali ya pili ina milimita 37 kwa 12. Muuza vipuri vya pikipiki ataitoa ya pili bila kuuliza, maana ndiyo anayoizoea. Nayo haiingii katika habu ya baiskeli hata kwa nyundo. Habu nyingi za milimani hutumia 6902, ambayo ni milimita 15 kwa 28 kwa 7, au 6903, ambayo ni milimita 17 kwa 30 kwa 7. Namba ikiwa imefutika, kalipa ya venia ya maabara ya shule yatosha kabisa: pima tundu, kipenyo cha nje na upana, kisha mpe muuzaji vipimo vyote vitatu.

Je, vipimo vikilingana, tununue ipi? Hebu kwanza tufanye hesabu. Wahandisi hukadiria umri wa beringi kwa kanuni hii: gawanya uwezo wa beringi kwa mzigo inaoubeba, kisha kipeo cha tatu cha jibu ni umri wake katika mamilioni ya mizunguko, umri ambao beringi tisa katika kila kumi zitaufikia. Uwezo wa 6902 ni takriban Newton 4,300. Tuseme kila beringi inabeba Newton 600, kiasi kikubwa kinachoacha nafasi ya mishtuko ya mawe. Jibu ni kama 7.2, na kipeo chake cha tatu ni karibu 370. Yaani mizunguko milioni 370. Gurudumu la inchi 26 husogea takriban mita 2.1 kila linapozunguka mara moja. Umri wote basi unazidi kilomita 750,000, sawa na kuizunguka dunia mara kumi na nane!

Mwendesha baiskeli yeyote atacheka akisikia hayo, kwa kuwa beringi zake pengine zilikufa katika msimu mmoja wa mvua. Kanuni si ya uongo. Ila inahesabu uchovu wa metali peke yake, ikichukulia kwamba beringi ni safi na ina mafuta. Beringi ya baiskeli haifi kwa uchovu. Hufa kwa maji yaliyopenya na kuifukuza grisi, kwa kutu, na kwa chembe za mchanga ambazo kila gololi huzisaga dhidi ya pete. Chuma chake cha kawaida, chenye kaboni kiasi cha asilimia 1 na kromi asilimia 1.5, ni kigumu sana, lakini hushika kutu upesi.

Hesabu hiyo ndiyo iongoze fedha ziende wapi. Watangazaji hupenda kusifu daraja la ABEC, lenye namba 1, 3, 5, 7 na 9. Daraja hilo ni kipimo cha usahihi wa vipimo na wa mzunguko tu. Halisemi neno juu ya ubora wa chuma, wa grisi wala wa kizibo. Usahihi wa hali ya juu una maana katika mashine zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Baiskeli inayokwenda kilomita 25 kwa saa huzungusha gurudumu lake mara 200 hivi kwa dakika. Gololi za nitridi ya silikoni, ambazo ni nyepesi na hazishiki kutu kamwe, nazo huuzwa kwa bei ya kutisha. Lakini aghalabu pete zake zimebaki za chuma, na mchanga hauchagui. Kwa maoni yangu ni anasa.

Herufi baada ya namba zina faida zaidi. 2RS ni vizibo viwili vya mpira, navyo ndivyo vifaavyo. ZZ ni vifuniko viwili vya bati ambavyo haviigusi pete ya ndani. Vinafaa katika mota ya umeme iliyo mahali pakavu, si katika gurudumu linalovuka kijito. C3 huonyesha kwamba nafasi ya ndani ni kubwa kuliko kawaida, jambo linalofaa mashine zinazopata joto, lakini kwenye gurudumu laweza kuacha mchezo mdogo. Zipo pia beringi zisizo na kizimba, zilizojazwa gololi tele. Hizo hubeba mzigo mkubwa na zimekusudiwa maungio ya fremu yanayocheza kidogo tu mbele na nyuma. Zikizungushwa mfululizo, gololi zinazogusana husuguana, kwa kuwa pale zinapokutana nyuso zake huenda pande zinazopingana.

Mwenye habu ya gololi huru ana kazi nafuu, ila asidanganyike na mfanano. Kwa kawaida gololi za nyuma ni za robo inchi, yaani milimita 6.35, tisa kila upande; za mbele aghalabu ni milimita 4.76. Gololi ya milimita 6 itaonekana sawa machoni, nayo siyo. Wala asiongeze gololi moja mpya miongoni mwa nane zilizochakaa: ile mpya, kwa kuwa imezizidi kidogo, itabeba mzigo wa wenzake na kuukwangua mfereji wa koni.

Limebaki jambo la kuitia beringi mahali pake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuiua beringi mpya kabla haijazunguka hata mara moja. Aliiweka kwenye mdomo wa habu, akaegemeza kipande cha bomba kwenye pete ya ndani, akagonga. Pete ya nje ndiyo iliyokuwa imekaza, kwa hiyo kila pigo lilipitia kwenye gololi, nazo zikaacha vishimo vidogo katika mfereji. Beringi inapoingizwa ndani ya habu isukumwe kwa pete ya nje. Inapovishwa kwenye ekseli isukumwe kwa pete ya ndani.

Afadhali zaidi ni kutumia fizikia. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii moja ya sentigredi. Habu yenye tundu la milimita 28 ikimwagiwa maji ya moto kwa nje, ikapanda joto kwa digrii 60, tundu lake litapanuka karibu milimita 0.04. Kipimo hicho ni chembamba kuliko unywele, lakini beringi baridi iliyo kavu itaingia kwa kusukumwa na gumba tu, au kwa kubanwa taratibu kwa boliti na washa mbili. Futa maji yote, subiri habu ipoe, kisha rudisha gurudumu, pindua baiskeli, na uweke tena kidole kwenye fremu.